Kiunzi cha kuhifadhi obijekti si kazi ya wiki mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala iliyotoka juma lililopita kwenye ukurasa wenu wa teknolojia. Alisema hifadhidata asilia za XML (namna ya kuandika data kama matini iliyozungushiwa alama) ni masalia, kwamba mwenye programu ya obijekti hana haja ya kuhangaika nazo, na kwamba aliye mkaidi akitaka kujenga kiunzi cha kuhifadhia obijekti zake humo, basi wiki mbili zinamtosha. Mengine ningeyaacha yapite. Hilo la wiki mbili siwezi, kwa sababu hata mimi niliwahi kulisema, tena kikaoni, mbele ya watu walioliandika. Huu ni mwaka wa nne.

Nimweleze kwanza msomaji asiye wa fani. Programu nyingi hufanya kazi kwa obijekti, yaani vifurushi vya taarifa vinavyoishi katika kumbukumbu ya kompyuta na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe: hiki kinamjua yule, yule ana orodha ya wengine. Ukizima kompyuta, vyote vimekufa. Kiunzi ninachokizungumzia ni msimbo wa katikati unaozichukua obijekti hizo, kuziandika katika hifadhidata, na kesho kuzirudisha kama zilivyokuwa, bila mtunga programu kuandika kwa mkono kila hatua ya kuweka na kutoa. Kwa hifadhidata za majedwali viunzi vya namna hiyo ni vya kuokota. Hibernate ipo tangu 2001, na Java, lugha ya kuandikia programu, ina kanuni rasmi ya jambo hilo, JPA, tangu 2006. Kwa hifadhidata asilia za XML, zile zinazoitunza hati kama mti wa nodi, yaani vifundo vinavyochipuka kimoja kutoka kingine, bila kuipasua iingie kwenye safu za jedwali, vya kuokota ni haba. Ndiyo maana tukajenga cha kwetu.

Mwandishi wenu ana haki katika jambo moja, nami simnyimi. Uwanja huu ulichelewa kukomaa. XML yenyewe ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998. Mwaka uliofuata kampuni ya Software AG ikatoa Tamino, mojawapo ya hifadhidata hizo. Mwaka 2000 Wolfgang Meier akaanza nyingine, eXist. Mwishoni mwa 2001 mradi wa tatu, dbXML, ukakabidhiwa Apache, taasisi ya programu huria, ukaitwa Xindice. Wajenzi wa wakati ule walikuwa na njia ya kuuliza, XPath ya mwaka 1999, ila hawakuwa na njia moja iliyokubalika ya kuandika. XUpdate ilikuwapo tangu 2000, lakini ilibaki rasimu. XQuery, lugha ya kuulizia hifadhidata hizo, ilikamilika Januari 2007, na sehemu yake ya kubadilisha data ikapitishwa Machi 2011, mwaka uleule Xindice ilipostaafishwa. Ilikuwa nyumba yenye madirisha bila mlango: kuchungulia unaweza, kuingiza kitanda huwezi. Kila hifadhidata ikawa na tundu lake la kupitishia kitanda, na kiunzi kilichojengwa juu ya moja hakikufaa juu ya nyingine. Walioshindwa wakati huo hawakushindwa kwa ujinga.

Lakini tangu hapo mlango upo, na eXist ipo, na BaseX iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Konstanz ipo, zote msimbo wao uko wazi kwa yeyote. Kwa hiyo hoja ya kwamba zana hazipo imepitwa na wakati. Iliyobaki ni hoja ya umbo la data, na hapo ndipo makala ile ilipojikwaa.

Data yetu ni kamusi. Vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, ni elfu thelathini na kitu, kila kimoja na matamshi, ngeli au aina ya neno, fasili moja au kumi na mbili, mifano chini ya kila fasili, minyambuliko, na marejeo ya kwenda vidahizo vingine. Chukua neno *kaa* pekee. Kuna kaa wa majini, kuna kaa la moto, kuna kaa kitenzi ambacho ndicho kilichozaa kikao, makazi na mkazi. Katika kitenzi, mpangilio wa fasili si pambo: ya kwanza ni ya kwanza kwa sababu wanaleksikografia wamegombana mchana kutwa mpaka ikawa ya kwanza. Jedwali halijui mpangilio mpaka ulibandikie safu ya namba na uzihesabu upya kila mtu anapopenyeza fasili katikati. XML huujua bila kuambiwa. Elementi, yaani sehemu za hati zilizofungwa kwa alama, zina mpangilio kwa asili yake. Halafu ndani ya fasili kuna sentensi, na ndani ya sentensi kuna maneno yaliyozungushiwa alama: hili ni istilahi, hili ni rejeo. Jaribu kulitia hilo katika majedwali. Nimejaribu. Nilifika jedwali la kumi na nne nikafunga kompyuta.

Sasa nije kwenye wiki mbili.

Wiki ya kwanza nilifanya kile ambacho kila aliyelelewa na majedwali angefanya: kila klasi, yaani kila aina ya obijekti, ikapata hati zake. Klasi ya Kidahizo hati zake, klasi ya Fasili hati zake, klasi ya Mfano hati zake, zote zikishikana kwa namba. Ilifanya kazi. Nikaonyesha watu, wakapiga makofi. Kisha tukaingiza kamusi nzima, na kukifungua kidahizo kimoja chenye fasili kumi na mifano thelathini kukawa na maana ya kugonga mlango wa hifadhidata mara arobaini na moja. Nilikuwa nimechukua hifadhidata inayojua miti, nikaikatia miti yote vijiti, kisha nikalalamika kwamba kujenga mti upya kunachukua muda.

Nikageukia upande wa pili, kama mlevi anayekwepa mtaro wa kushoto akaangukia wa kulia. Kamusi nzima hati moja. Kusoma kulikuwa raha. Kuandika, hifadhidata tuliyokuwa nayo ilikuwa inafunga hati nzima mtu mmoja anapobadilisha nukta, na wahariri tisa wengine wakakaa wakitazama kioo.

Kati ya mitaro hiyo miwili ndipo lilipo swali ambalo kiunzi cha majedwali hakikuulizi kamwe, na ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi yote: hati inaishia wapi? Obijekti ni mtandao. Zinaweza kushikana kwa mzunguko, A anamjua B, B anamjua A. XML ni mti. Kila nodi ina mzazi mmoja. Lazima ukate mahali. Tulikuja kukata kwa swali hili: kikifutwa hiki, kile kinabaki na maana? Ukifuta kidahizo, mfano wake hauna pa kukaa, basi mfano unaishi ndani ya hati ya kidahizo. Ukifuta kidahizo, chanzo kilichonukuliwa katika mfano bado kipo na kinatumiwa na vidahizo vingine mia, basi chanzo ni hati yake na mfano unabeba rejeo tu. Tuliiandika tofauti hiyo juu ya kila sehemu ya kila klasi, kwa alama mbili: *kimo* na *kinarejea*. Hazijiwekei zenyewe. Mtu lazima akae afikiri, na kikao cha kufikiri juu ya kamusi moja kilituchukua wiki tatu. Hapo tayari nimeshazimaliza wiki mbili za mwandishi wenu na sijaandika msimbo.

Utambulisho nao. Kiunzi lazima kijue kwamba kidahizo ulichokifungua asubuhi na hiki ulichokifikia kupitia rejeo mchana ni obijekti moja, si pacha wawili. La sivyo utarekebisha mmoja na kuhifadhi mwingine. Katika kumbukumbu tunaweka daftari la vitambulisho: kabla ya kujenga obijekti, angalia daftari. Rahisi. Tatizo ni kitambulisho chenyewe kitoke wapi. Namba ya nodi inayotolewa na hifadhidata inavutia kwa sababu ipo tayari, nayo ni mtego: katika baadhi ya hifadhidata namba hizo zinafuata nafasi ya nodi ndani ya hati, ukipenyeza kitu mbele, zote zilizo nyuma zinasogea. Tukasema basi tutumie neno lenyewe na namba ya homonimu (maneno yenye umbo moja na maana tofauti), kaa1, kaa2, kaa3. Mwezi haujaisha wahariri wakaamua kitenzi kitangulie. Kaa1 akawa kaa2, na marejeo yote ya mnyama yakahamia kwenye kitendo cha kuketi.

Tukaenda kwa vitambulisho vya kubahatisha, vile virefu vya tarakimu na herufi vya mtindo wa UUID, tukavitangaza katika skima, yaani kanuni za umbo la hati, kuwa vya aina ya ID, kitambulisho. Hapa nilipoteza siku mbili ambazo bado zinaniuma. Baadhi ya vidahizo vilikubalika, vingi vilikataliwa, bila utaratibu wowote wa kuonekana. Kumbe ID katika XML lazima iwe jina halali, na jina haliruhusiwi kuanza na tarakimu. UUID ya kubahatisha huanza na tarakimu mara kumi katika kila kumi na sita. Dawa ikawa kutanguliza herufi k. Na hata baada ya hapo, nikumbushe wanaojenga: skima inahakikisha ID haijirudii ndani ya hati moja tu. Ukiwa na hati elfu thelathini, ukaguzi wa kwamba hazigongani ni kazi ya kiunzi chako.

Jambo lililonifundisha zaidi lilikuja na simu. Mhariri mkuu wetu ni mwalimu mstaafu, na wote tunamwita Mwalimu. Alipiga nikiwa njiani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mwanangu, mawili ya nini?"

Nikasema sijaelewa. Akanisomea fasili ya kaa wa majini kama ilivyokuwa kwenye kioo chake: mnyama wa majini mwenye gamba gumu na mawili, aendaye upande upande. "Nimeandika *magando* mawili," akasema. "Nani kaninyofolea magando?"

Mnyofoaji nilikuwa mimi. Neno *magando* lilikuwa limezungushiwa alama ya istilahi. Zana niliyotumia kugeuza hati kuwa obijekti ilikuwa imeona katika fasili vitu viwili: maandishi, na orodha ya istilahi. Ikayaweka maandishi kwenye sehemu yake na istilahi kwenye orodha yake, vizuri kabisa, bila kukumbuka istilahi ilisimama wapi katika sentensi. Mwalimu alipofungua kidahizo kurekebisha kosa dogo la herufi na kukihifadhi, kiunzi changu kikaiandika hati yote upya kutoka kwenye obijekti. Obijekti haikujua mahali pa magando. Kwa hiyo hati nayo ikasahau. Hakuna kosa lililotangazwa, hakuna taa nyekundu. Programu ilifanya sawasawa nilichoiambia.

Maandishi yaliyochanganyika na elementi ndiyo sababu kubwa ya mtu kuchagua XML, na ndiyo kitu cha kwanza ambacho viunzi vya kugeuza XML kuwa obijekti huvuruga. Tulipokaa chini kutafuta dawa, mwenzangu mmoja alipendekeza tutengeneze klasi ya KipandeChaSentensi, na fasili iwe orodha ya vipande. Tulijaribu kwa siku kadhaa. Msimbo wa kutafuta neno katika fasili ukawa kama kutafuta sindano kwenye gunia la sindano. Mwishowe tukakubali kushindwa kwa heshima: sehemu zenye maandishi mchanganyiko hazigeuzwi. Obijekti ya Fasili ina namba yake, ina alama zake za matumizi kama sehemu za kawaida, lakini matini yake inabaki kuwa tawi la mti wa XML, linaloshikwa na obijekti kama lilivyo. Ukitaka kuuliza ndani yake, uliza kwa XPath. Nusu obijekti, nusu mti. Wapenda usafi wa nadharia hawapendi. Mwalimu anapenda, magando yamerudi.

Kisa hicho kilibadilisha pia namna tunavyohifadhi. Zamani: soma hati, jenga obijekti, badilisha, andika hati yote upya. Tatizo lake ni kwamba unaandika upya hata yale usiyoyaelewa, na usichokielewa hakiandikiki. Maoni ya wahariri yaliyofichwa ndani ya hati yalipotea hivyo. Elementi zilizoongezwa na programu ya wenzetu wa matamshi, ambazo klasi zetu hazikuzijua, zilipotea hivyo. Sasa kiunzi kinatunza nakala ya hali ya obijekti ilipofunguliwa. Wakati wa kuhifadhi kinalinganisha, na kinatuma tofauti tu: badilisha thamani ya nodi hii, penyeza hii baada ya ile, futa ile. Kisichoguswa na mtu hakiguswi na kiunzi.

Kuna kanuni moja ya XQuery ya kubadilisha data ambayo ilinishangaza hapa, naitaja kwa faida ya atakayefuata. Mabadiliko ndani ya swali moja hayafanyiki papo hapo. Yanawekwa kwenye orodha ya kungojea, na orodha yote inatekelezwa mwishoni kwa pamoja. Kwa hiyo huwezi kupenyeza kidahizo kipya halafu ndani ya swali hilohilo ukakitafuta, hakipo bado. Na ukitoa amri mbili za kubadilisha thamani ya nodi ileile, swali zima linakataliwa kwa kosa. Mwanzoni niliona ni ukali usio na sababu. Baadaye nikaona kwamba unanilazimisha nifanye nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo: kukusanya mabadiliko yote ya kikao kimoja, kuyaunganisha yanayogusa mahali pamoja, na kuyatuma mara moja. Na kwa kuwa obijekti mbili mpya zinaweza kurejeana kabla ya yeyote kati yao kufika kwenye hifadhidata, vitambulisho lazima viwe vimeshatengenezwa na kiunzi. Yale mambo ya UUID yalikuwa na faida yake.

Wahariri wawili wakifungua kidahizo kimoja, tunategemea namba ya toleo. Imeandikwa kwenye sifa (thamani iliyobandikwa ndani ya alama ya kufungulia) ya elementi ya mzizi. Swali la kuhifadhi linasema: ikiwa toleo bado ni 7, fanya mabadiliko haya na uandike 8, ikiwa sivyo, toa kosa. Ukaguzi na mabadiliko vimo ndani ya swali moja, hakuna upenyo katikati. Aliyechelewa anaonyeshwa tofauti na kuulizwa. Hili lilichukua alasiri moja, na ni mahali pekee katika mradi wote ambapo makadirio yangu yalikuwa sahihi.

Nimesema nitamjibu mwandishi kuhusu wiki mbili, basi nimwongezee ya ng'ombe.

Kiunzi cha mwanzo kilikuwa kinajenga maswali kwa kuunganisha maandishi: kipande cha swali, kisha neno alilotafuta mtumiaji, kisha alama ya kufunga. Tulikijaribu kwa maneno mia mbili, hakuna tatizo. Siku ya kwanza ya matumizi mtu akatafuta *ng'ombe*. Ile alama ya ritifaa ikafunga maandishi katikati ya swali, na *ombe* ikabaki ikining'inia kama msimbo. Maneno mia mbili ya majaribio, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweka ng'oa, ng'ara wala ng'ambo. Aliyetafuta ng'ombe hakuwa na nia mbaya, lakini mwenye nia mbaya angeweza kupitia tundu hilohilo na kuandika amri yake mwenyewe ndani ya swali letu. Sasa maswali yote yameandikwa na kufungwa, na neno la mtumiaji linaingia kama kigeu cha nje kilichotangazwa juu ya swali. Haliwezi kugeuka kuwa msimbo hata likitaka. Pia tukagundua kwamba tuna ng'ombe wawili, mmoja mwenye ritifaa iliyonyooka na mwingine mwenye ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuchapia. Kwa hifadhidata ni maneno mawili yasiyojuana. Kiunzi kinazisawazisha wakati wa kuingiza.

Madogo madogo niyapitie haraka. Ukiweka maandishi yenye mistari kadhaa kwenye sifa badala ya elementi, msomaji wa XML atageuza kila mkato wa mstari kuwa nafasi tupu. Ni kanuni yake, usimlaumu. Kuna herufi za udhibiti ambazo XML 1.0 haizikubali kwa sura yoyote, na faili zetu za zamani zilikuwa nazo kadhaa zisizoonekana kwa macho. Elementi tupu, elementi iliyotangazwa kuwa haina thamani, na elementi isiyokuwapo ni hali tatu tofauti, na lugha nyingi za programu zina mbili tu za kuzipokea. Chagua mapema.

Na nafasi za majina! Hati yetu ina nafasi ya majina, yaani anwani inayotofautisha majina ya elementi zetu na ya wengine, iliyotangazwa juu kabisa. Ukiuliza *kidahizo* bila kuitaja nafasi hiyo, hifadhidata haitakuambia umekosea. Itakujibu kwa utulivu kwamba hakuna kitu. Nimewaona watu wazima wakiamini kamusi imefutika. Kiunzi chetu sasa kinakataa kuendesha swali lolote ambalo halijatangaza nafasi ya majina, na nimepigwa vita kwa ukali huo, nami sirudi nyuma.

Mwandishi wenu aliuliza pia, kwa kejeli kidogo, itakuwaje kiunzi cha kujitengenezea kikifa na mwenyewe akiondoka. Swali zuri, na lingefaa kuulizwa kwa pande zote. Zana rasmi ya Java ya kugeuza XML kuwa obijekti, JAXB, ilikuwa ndani ya Java yenyewe kwa miaka. Mwaka 2018, Java 11 ilipotoka, ilikuwa imeondolewa, na aliyeihitaji akatakiwa kuichukua kando. Kwa hiyo hata rasmi huhama. Tulipofanya jaribio la kuzima kiunzi chetu kabisa, nilimpa Mwalimu hati za kidahizo cha kaa, zimefunguliwa kwa kihariri cha kawaida cha maandishi. Alizisoma kuanzia juu hadi chini. Alikuta kosa la ngeli kwenye mfano wa tatu. Nimewahi kuwaonyesha watu majedwali kumi na manne ya data ileile bila programu yake, na hakuna aliyeniambia ngeli yoyote.

Simwambii kila mtu ajenge alichojenga. Mwenye ankara, akaunti na hesabu za ghala abaki na majedwali yake na Hibernate yake, atalala mapema. Namwomba tu mwandishi, akirudi kwenye mada hii, aulize kwanza data ina umbo gani kabla ya kutaja wiki.

Nimalizie na tulipofika. Marejeo kati ya hati na hati bado ni kidonda. Hifadhidata haituzuii kufuta kidahizo kinachorejewa na vingine, hivyo kila usiku kiunzi kinafanya ukaguzi na kuorodhesha yanayoelekea kusikokuwapo. Orodha ya jana ilikuwa na marejeo kumi na saba, yote yametoka kwenye faili za zamani. Mojawapo linasema: tazama kaa4. Tuna kaa watatu tu. Nilitaka kulifuta, nikampigia Mwalimu kwanza. Amesema aliyeliandika hakuwa mtu wa kukosea hovyo, huenda alikuwa na la nne, na nisiliguse mpaka apekue makabati.

Wako msomaji wa miaka mingi,

Mtunga programu wa kamusi
(Jina limehifadhiwa)